August Krogh: mwanafunzi aliyempinga mwalimu wake kwa ajili ya pumzi

Kwetu sisi tunaoishi kandokando ya ziwa, samaki ni kitoweo, ni ada ya shule, ni kodi ya nyumba. Tunajua bei yake asubuhi na tunajua bei yake jioni. Lakini ni wachache wetu waliowahi kujiuliza swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza bila aibu: samaki anapataje pumzi ndani ya maji, na kwa nini kambare anaishi kwenye tope ambalo sangara hawezi kukaa hata saa moja?

Wasikilizaji kadhaa wametuuliza swali hilo, hasa wafugaji wa vizimba na mabwawa. Tulipoanza kulifuatilia, tulifika mbali na ziwa letu: nchini Denmark, kwenye maabara ndogo ya mtu aitwaye August Krogh. Leo tunakusimulia maisha yake. Ndani yake utapata jibu la swali la samaki, utapata ugomvi wa kisayansi kati ya mwanafunzi na mwalimu wake, na utapata pia dawa ambayo hadi leo inawaweka hai mamilioni ya watu.

Mtoto wa mjenzi wa meli

Schack August Steenberg Krogh alizaliwa tarehe 15 Novemba 1874 katika mji wa bandari wa Grenaa, kwenye rasi ya Jutland. Baba yake, Viggo, alikuwa fundi wa kujenga meli. Kijana huyu alikua akiwa na vitu viwili ambavyo havikumtoka tena: mapenzi ya viumbe wadogo, na mkono wa fundi. Hata alipokuwa profesa mwenye jina kubwa duniani, vifaa vingi vya maabara alivibuni mwenyewe.

Mwaka 1893 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari. Hakukaa huko. Moyo wake ulikuwa kwa wanyama, akahamia zuolojia. Rafiki yake mkubwa kiumri, mtaalamu wa wanyama William Sørensen, alimshauri akasikilize mihadhara ya fiziolojia, yaani elimu ya namna mwili unavyofanya kazi. Mhadhiri aliitwa Christian Bohr.

Jina la Bohr huenda umelisikia kwa sababu ya mwanawe Niels, yule bingwa wa fizikia ya atomu. Lakini baba mtu naye alikuwa jabali. Utaalamu wake ulikuwa damu na pumzi. Mwaka 1897 Krogh alianza kufanya kazi katika maabara yake.

Damu ni kama daladala

Kabla hatujaendelea, tueleze jambo moja, maana bila hilo hadithi yote haitaeleweka.

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna kitu kinachoitwa hemoglobini. Ndicho kinachoipa damu rangi yake, na kazi yake ni kubeba oksijeni. Kila hemoglobini ya kawaida ina nafasi nne. Ifikirie kama daladala yenye viti vinne: inapakia abiria kwenye mapafu, au kwenye matamvua kama ni samaki, kisha inawashusha kwenye misuli, ubongo na moyo.

Daladala nzuri lazima ijue mambo mawili: kupakia na kushusha. Ikiwashika abiria kwa nguvu mno, itajaa haraka kituoni lakini haitamshusha mtu, na misuli itakosa hewa. Ikiwashika kwa ulegevu mno, itashusha vizuri, lakini kituoni itaondoka nusu tupu. Nguvu hiyo ya kushika ndiyo ambayo wataalamu wanaipima wanapozungumzia mvuto wa hemoglobini kwa oksijeni.

Mwaka 1904, Bohr pamoja na Karl Hasselbalch na kijana Krogh walitangaza ugunduzi mkubwa. Walionyesha kwamba hewa ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, inailegeza hemoglobini. Msuli unaofanya kazi hutoa hewa ukaa nyingi, na damu ikifika hapo inaachia oksijeni. Penye uhitaji ndipo mzigo unaposhuka. Jambo hilo hadi leo linaitwa athari ya Bohr, na liko katika vitabu vya biolojia vya shule. Vipimo vyake vilitegemea sana vifaa makini ambavyo mkono wa Krogh ulikuwa umevitengeneza.

Mwalimu alisema mapafu yanasukuma

Bohr alikuwa na imani nyingine, na hiyo ndiyo iliyozua mtihani. Aliamini kwamba mapafu hayasubiri oksijeni iingie yenyewe kwenye damu. Alisema yanaisukuma kwa nguvu, kama tezi inavyotoa mate.

Usimcheke. Alikuwa na sababu, na sababu mojawapo ilitoka kwa samaki. Wewe unayeuza mabondo ya sangara unajua kwamba bondo ni mfuko wa hewa unaomsaidia samaki kuelea. Bohr alikuwa ameuchunguza mfuko huo kwa samaki wa baharini na kuthibitisha kwamba mwili wa samaki unaujaza oksijeni hata pale ambapo majini oksijeni ni kidogo kuliko ndani ya mfuko. Ni sawa na kupandisha maji mlimani. Na kwa kuwa bondo na mapafu ni viungo vyenye undugu, Bohr aliona ni haki kusema kwamba kama kimoja kinasukuma, na kingine kinasukuma. Hakuwa peke yake. Huko Uingereza, John Scott Haldane, mtaalamu mkubwa wa pumzi, alikuwa na imani hiyohiyo.

Krogh alianza kazi akiwa upande wa mwalimu. Lakini vipimo vyake vikawa vinakataa.

Mwaka 1905 alimwoa Marie Jørgensen, binti aliyekuwa akisomea udaktari. Walikuwa mke na mume, na walikuwa pia wenzi wa maabara. Krogh alibuni kifaa kilichotumia kiputo kidogo sana cha hewa. Kiputo kiliguswa na damu inayopita mpaka hewa ya ndani yake ikalingana na ya damu, kisha wakakipima. Kwa njia hiyo waliweza kulinganisha oksijeni iliyo kwenye mapafu na ile iliyo kwenye damu inayotoka humo kwa usahihi ambao haukuwapo kabla.

Walipima tena na tena. Kila mara oksijeni ya mapafuni ilikuwa juu ya ile ya kwenye damu. Maana yake ni rahisi: hakuna kusukuma. Oksijeni inateremka yenyewe kutoka palipo na nyingi kwenda palipo na kidogo, kama harufu ya samaki wa kukaanga inavyotoka jikoni na kuenea uani bila kusukumwa na mtu.

Fikiria hali yake. Mwalimu ndiye aliyempa kazi, ndiye aliyemfungulia mlango wa elimu hiyo, na jina la mwalimu lilikuwa kubwa. Kukaa kimya kungemlinda. Lakini mwaka 1910 Krogh alichapisha mfululizo wa makala saba, baadhi akiwa na Marie, ambazo katika historia ya sayansi zinajulikana kama vishetani saba. Ndani yake alieleza wazi kwamba analazimika kupingana na mwalimu wake, na palepale akakiri deni lake kwake. Wahenga wetu walisema heshima si utumwa, na sisi tukisoma habari za mwaka ule tunaona methali hiyo ikitembea.

Bohr alifariki Februari mwaka uliofuata, 1911, bila kuukubali mtazamo huo mpya. Haldane naye alibaki na imani yake hadi uzeeni. Lakini ushahidi ulikuwa umekwisha kuelemea upande mmoja. Marie mwenyewe aliendelea na utafiti huo na mwaka 1915 akachapisha njia ya kupima uwezo wa mapafu kupitisha hewa kwenda kwenye damu. Kipimo kinachotumika hospitalini leo kwa wagonjwa wa mapafu kimetokana na kazi ya mama huyo.

Wa bahari na wa tope

Sasa turudi kwa samaki. Mwaka 1919, Krogh na mtafiti kutoka Scotland aitwaye Isabella Leitch walichapisha utafiti juu ya kazi ya damu ya samaki katika kupumua. Walichukua samaki wa maji baridi kama karpi na mkunga, wakawalinganisha na samaki wa baharini, wakiwamo wale bapa wa jamii ya gayogayo.

Tofauti ilikuwa dhahiri. Damu ya samaki waliozoea madimbwi na mito iliyotulia ilijaa oksijeni hata pale ambapo oksijeni ilikuwa kidogo sana. Damu ya wale wa baharini, ambako maji huchanganyika na hewa vizuri, ilihitaji oksijeni nyingi zaidi ili ijae. Daladala ya dimbwini inashika kwa nguvu kwa sababu abiria ni wachache. Ile ya baharini inashika kwa ulegevu kwa sababu kituo kimejaa abiria, na kwa ulegevu huo inashusha kwa urahisi.

Tukumbuke kwamba kwa samaki yeyote hali ni ngumu kuliko kwetu. Katika hewa tunayovuta, karibu sehemu 21 kwa kila 100 ni oksijeni. Lita moja ya maji yaliyotulia kwenye joto la nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8 tu za oksijeni, yaani karibu mara 30 chini ya ile iliyomo katika lita ya hewa. Na maji yakipata joto zaidi, kiasi hicho hupungua.

Krogh na Leitch waliona pia kwamba hewa ukaa inaitikisa sana damu ya samaki. Kisha wakasema jambo ambalo lilikuwa mbele ya wakati wake: kwamba siri ya damu hiyo kuendana na mazingira haiko kwenye hemoglobini peke yake, bali lazima kuna kitu kingine kilichomo pamoja nayo ndani ya chembe nyekundu. Hawakujua ni kitu gani. Ilipofika miaka ya 1960 ndipo watafiti walipoonyesha kwamba kemikali zenye fosfeti zilizomo ndani ya chembe za damu huilegeza hemoglobini. Kwa samaki wengi kemikali hizo ni ATP na GTP. Samaki akikaa siku kadhaa kwenye maji yenye oksijeni kidogo, huzipunguza kemikali hizo, na hemoglobini yake ikaanza kushika kwa nguvu zaidi. Yaani dereva anabadilisha kanuni za kazi bila kubadilisha gari.

Kwa hiyo mambo makuu yanayoamua nguvu ya kushika ni haya: aina ya hemoglobini aliyozaliwa nayo samaki, hewa ukaa na tindikali katika damu, joto la maji, na kemikali hizo za ndani ya chembe. Joto hulegeza. Tindikali hulegeza. Kwa hiyo siku ya joto kali samaki anapigwa mara mbili: maji yana oksijeni kidogo, na damu yake inaishika kwa ulegevu zaidi wakati mwili wenyewe unahitaji nyingi.

Na lile fumbo la bondo? Mwaka 1931 Mmarekani Raymond Root alieleza kwamba kwa samaki wengi tindikali hufanya zaidi ya kulegeza. Huzifunga baadhi ya nafasi za hemoglobini kabisa, hata oksijeni ikiwa nyingi kiasi gani. Ukuta wa bondo una tezi inayomwaga tindikali kwenye damu. Damu inalazimika kuachia oksijeni, na mishipa midogo iliyolala sambamba inaizuia isitoroke, ikarundikana mpaka inaingia kwenye mfuko. Kwa hiyo Bohr alikuwa sahihi kwamba bondo hujazwa kwa kazi ya mwili. Alikosea tu kudhani kwamba mapafu hufanya vivyo hivyo.

Nobeli, na ugonjwa ndani ya nyumba

Mwaka 1920 Krogh alipewa Tuzo ya Nobeli ya fiziolojia au tiba. Hakupewa kwa samaki. Alipewa kwa kugundua jinsi mwili unavyofungua na kufunga kapilari, mishipa ile myembamba kabisa ya damu. Alionyesha kwamba msuli ukipumzika, mingi imefungwa. Ukianza kufanya kazi, hufunguka na kupeleka oksijeni karibu na kila chembe. Lilikuwa swali lilelile la tangu ujana wake: mzigo unamfikiaje mwenye kuuhitaji?

Baada ya tuzo akaalikwa kutoa mihadhara Marekani. Lakini nyumbani kulikuwa na wasiwasi. Marie alikuwa amegundulika kuwa na kisukari, na wakati huo ugonjwa huo kwa wengi ulikuwa hukumu ya kifo ya polepole. Walisafiri pamoja mwaka 1922, wakiwa wamesikia habari za dawa mpya iitwayo insulini iliyopatikana Toronto, Canada. Krogh alifika Toronto, akazungumza na wagunduzi na kupata idhini ya kuitengeneza dawa hiyo katika nchi za Skandinavia.

Walirudi Copenhagen mwezi Desemba. Krogh akaungana na daktari Hans Christian Hagedorn, wakaanza kukamua insulini kutoka kwenye kongosho za wanyama. Kufikia mwaka 1923 wagonjwa wa Denmark walikuwa wanapata dawa. Maabara waliyoianzisha, Nordisk, iliungana mwaka 1989 na kampuni nyingine kuwa Novo Nordisk, ambayo jina lake liko kwenye chupa za insulini hata katika hospitali zetu. Marie aliishi miaka mingine 20 na kitu.

Miaka ya vita, na mwisho wa safari

Krogh hakuwa mtu wa makuu. Kwa miaka mingi familia yake, yeye, Marie na watoto wao wanne, iliishi katika jengo moja na maabara. Binti yake wa mwisho, Bodil, alikua kati ya mirija na vyura, akawa mtaalamu wa fiziolojia na mwaka 1975 rais wa kwanza mwanamke wa chama cha wanafiziolojia wa Marekani.

Ni Krogh pia aliyetoa kanuni inayotumiwa na watafiti hadi leo: kwa kila swali la sayansi, yuko mnyama fulani ambaye kwake jibu linapatikana kwa urahisi kuliko kwa wengine. Yeye mwenyewe aliwauliza vyura, wadudu, mkunga na karpi maswali ambayo wengine walitaka kumuuliza binadamu moja kwa moja.

Marie alifariki Machi 1943, Denmark ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mwaka uliofuata Krogh, akiwa karibu na umri wa miaka 70, alilazimika kujificha na kisha kukimbilia Sweden. Alirudi vita vilipokwisha mwaka 1945, akastaafu chuo, lakini akaendelea na utafiti. Alifariki Copenhagen tarehe 13 Septemba 1949.

Kwa nini tumekusimulia

Tumemchagua Krogh kwa sababu swali lake la mwaka 1919 liko kwenye maji yetu leo. Kamongo amelikwepa kwa kuvuta hewa ya juu kwa mapafu yake. Kambare ana kiungo cha ziada cha kuvutia hewa. Sangara hana njia hizo, anategemea matamvua na maji yenye oksijeni ya kutosha, ndiyo maana huwezi kumkuta kwenye vinamasi vya mafunjo ambako samaki wadogo hujificha.

Kwako mfugaji, elimu hii ina thamani ya shilingi. Usiku mimea ya majini haitengenezi oksijeni bali huitumia pamoja na samaki, kwa hiyo kabla ya jua kuchomoza ndipo oksijeni ya bwawa huwa chini kabisa. Ukiwaona samaki wako alfajiri wamepanda juu na wanahema wakiwa na midomo wazi, usidhani wana njaa ukawaongezea chakula. Chakula kinachooza kinakula oksijeni iliyobaki na kuongeza hewa ukaa, na hewa ukaa inailegeza damu yao. Punguza chakula, ingiza maji mapya au yapige maji yachanganyike na hewa, na mwite ofisa uvuvi wa eneo lako. Kwa wenye vizimba ziwani, idadi ya samaki ndani ya kizimba na mahali unapokiweka ni mambo ya uhai na kifo, maana maji ya kina yenye oksijeni kidogo yakipanda, samaki aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Kama una swali kuhusu bwawa au kizimba chako, tuandikie kupitia ukurasa huu. Tutalipeleka kwa wataalamu wa uvuvi na majibu yao tutakusomea hewani.